Jembe na Nyumba havikuwa vyama

Swali: *Shikamoo Mwalimu. Babu yangu ana miaka 83 na mpaka leo hawapatani vizuri na mdogo wake. Ukimuuliza chanzo anasema ni uchaguzi wa ubunge wa zamani: "Mimi nilikuwa jembe, yeye nyumba." Shuleni tulifundishwa kwamba kabla ya mwaka 1992 nchi yetu ilikuwa na chama kimoja tu. Sasa hivi Jembe na Nyumba vilikuwa vyama gani? Na kama watu walikuwa na nafasi ya kuchagua, kwa nini utaratibu huo uliachwa?* Msomaji, Manyoni.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Walimu wako walisema kweli, na babu naye anasema kweli. Jembe na Nyumba vilikuwa picha mbili kwenye karatasi ya kura. Katika chaguzi sita, za 1965, 1970, 1975, 1980, 1985 na 1990, mtu wa Bara aliyekwenda kuchagua mbunge alikutana na picha hizo mbili, na akaweka alama yake kwenye mojawapo. Wagombea wote wawili walikuwa wa chama kimoja: TANU hadi Februari 1977, kisha CCM. Kadi zao zilikuwa moja, sera zao moja, na mara nyingi hata gari la kampeni lilikuwa moja. Mmoja alipewa jembe, mwenzake akapewa nyumba.

Ajabu yake ni kwamba ndugu wawili waweze kununiana miaka hamsini kwa ajili ya vyombo ambavyo kila mmoja wao alikuwa navyo nyumbani. Ili hilo lieleweke, lazima tuanze na uchaguzi ambao watu wengi hawakupiga kura kabisa.

Agosti 1960 Tanganyika ilichagua Baraza la Kutunga Sheria lenye viti 71. TANU ilikuwa imeshika nchi nzima kiasi kwamba katika majimbo 58 mgombea wake alipita bila kupingwa. Mwananchi aliyejiandikisha katika majimbo hayo alibaki na haki ya kura bila mahali pa kuitumia. TANU ilipata viti 70. Kile kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, na ndicho chenye somo. Chama kilikuwa na mgombea wake rasmi huko, wenyeji wakamtaka mtu mwingine, Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwana-TANU. Akasimama kwa kujitegemea, akashinda. Watu wa Mbulu hawakuwa wameikataa TANU, walikuwa wamekataa kuchaguliwa mtu. Miaka miwili baadaye, katika uchaguzi wa Rais wa Novemba 1962, Mwalimu Nyerere alipambana na Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC cha hapa Tanganyika na akapata kura zaidi ya asilimia 98. Kwa hesabu hizo, ushindani wa vyama ulikuwa jina tu.

Nyerere aliligeuza jambo hilo kuwa hoja. Kama chama kimoja ndicho taifa zima, alisema, basi kulazimisha mashindano ya vyama ni kuwanyima watu uchaguzi, maana kila chama kitasimamisha mtu mmoja na yule wa chama kikubwa atashinda hata awe gogo. Afadhali chama kiwe kimoja, na watu washindane ndani yake mbele ya wananchi wote. Hoja hiyo ina tundu kubwa, nami nitalifikia. Lakini usidhani ilikuwa hila tupu. Mbulu ilikuwa imemwonyesha jambo.

Januari 1963 Halmashauri Kuu ya TANU ikaamua nchi ielekee kwenye chama kimoja. Mwaka mmoja baadaye, siku chache tu baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, Rais aliunda tume chini ya Rashidi Kawawa. Tume haikuulizwa kama chama kiwe kimoja au vingi, hilo lilikwisha kuamuliwa. Iliulizwa namna ya kufanya. Ilizunguka nchini, ikapokea maoni, ikatoa ripoti Machi 1965. Katiba ya Muda ilipitishwa Julai mwaka huo, na Septemba wananchi wakaenda vituoni.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mwenye nia ya kugombea alitafuta wapiga kura 25 wa jimbo lake wamdhamini. Wangeweza kujitokeza watu wawili, wangeweza kujitokeza kumi na wawili. Wote walipelekwa mbele ya mkutano mkuu wa chama wa wilaya, wakajieleza, wajumbe wakapiga kura ya siri na kuwapanga kwa kura walizopata. Orodha ikapanda hadi Halmashauri Kuu ya Taifa. Hiyo ndiyo iliyoteua majina mawili. Kwa kawaida yalikuwa yale mawili ya juu, lakini haikulazimika. Jina la kwanza lingeweza kutupwa na la tatu likachukuliwa, na aliyetupwa hakuwa na pa kukata rufaa. Siku hizi tunasema jina "limekatwa" au "limerudi". Msamiati huo una mizizi mirefu kuliko vijana wengi wanavyofikiri.

Baada ya hapo ndipo alama zilipokuja. Mgombea hakujichagulia, alipewa.

Sababu ya kwanza ya alama unaijua: watu wengi hawakujua kusoma. Hata mwaka 1970, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa asilimia 67. Mtu wa namna hiyo ukimpa karatasi yenye majina mawili tupu umempa mtihani. Ukimpa picha, anajua anachofanya. Hilo halikuwa geni. Vyama vya Afrika Mashariki vilikuwa vimetumia picha kabla ya hapo, na mnyama aliyependwa alikuwa jogoo: ZNP ya Zanzibar ilikuwa jogoo, KANU ya Kenya ilikuwa jogoo. Jogoo anawika, anapigana, anatangaza alfajiri. Ni alama yenye maneno mdomoni.

Tazama basi jinsi waliobuni alama za 1965 walivyotafuta vitu visivyokuwa na maneno. Hawakuchukua simba na twiga, wala ngao na mkuki. Walichukua vitu viwili ambavyo havijawahi kugombana. Hakuna mkulima aliyewahi kusimama asubuhi akajiuliza achague jembe au nyumba. Analitoa moja ndani ya nyingine, jioni analirudisha. Nadhani walitaka picha zisiwe na uzito wowote, ili uzito wote ubaki kwa mtu.

Haikuwa hivyo, na mtu yeyote anayewajua Waswahili angeweza kuwaambia mapema. Ukimpa mzungumzaji wa Kiswahili chombo chochote cha nyumbani, ndani ya dakika tano amekigeuza mfano. Jukwaani wagombea wakaanza. Wa jembe akasimama: mnakula nini? Chakula kinatoka wapi? Na hiyo nyumba mwenzangu anayoringia, shimo la nguzo lilichimbwa kwa kitu gani? Wa nyumba akajibu: jembe likishalima linalala wapi? Mwanadamu anazaliwa shambani au ndani? Jembe ni la msimu, nyumba ni ya maisha. Wa jembe akarudi: nyumba isiyo na jembe ni njaa yenye paa. Wa nyumba naye akatoa la kumalizia: kaburi linachimbwa kwa nini, ndugu zangu, si kwa jembe? Watu wakaanguka kicheko. Ukikaa na wazee wa umri wa babu yako watakupa matoleo mengine kumi ya mabishano hayo, kila jimbo na yake, kila mzee akiapa kwamba la kwao ndilo lililokuwa kali kuliko yote.

Wagombea wengi waliamini jembe lina bahati mashambani. Nchi ilikuwa ya wakulima, na serikali yenyewe haikuacha kuhubiri kilimo. Aliyepewa nyumba katika jimbo la vijijini aliweza kujiona ameanza nyuma hatua moja. Mimi naona baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 nyumba ilizidi kuwa na mkosi. Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Fikiria basi unasimama mbele ya watu mwaka 1970, umekatazwa kuwa na nyumba za kodi, na alama yako ni nyumba. Mpinzani hahitaji hata kusema. Anaitazama picha tu, kisha anawatazama watu. Na 1975, wakati mamilioni walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, wengine wakiwa wameziacha nyumba zao nyuma, sijui utasema picha hiyo ilikuwa inaahidi au inakumbusha.

Sasa kuhusu kampeni, na hapa ndipo penye jambo ambalo vijana wa leo hawaamini nikiwaeleza. Mgombea hakuruhusiwa kufanya kampeni yake mwenyewe. Mikutano yote iliandaliwa na chama wilayani. Jembe na Nyumba walikwenda pamoja, wakaketi meza moja, wakapewa muda sawa, wakaulizwa maswali mbele ya watu wale wale. Halmashauri Kuu ilituma wasimamizi watatu katika kila jimbo wakae nao na kuwasikiliza. Mgombea alikatazwa kuombea kura kwa kabila, dini au rangi. Alikatazwa kusema kwamba Rais anamtaka yeye. Na alitakiwa aongee Kiswahili, hata kama kijiji kizima kilikuwa na lugha moja ya mama na yeye mwenyewe ni mtoto wa hapo hapo.

Kanuni hiyo ya mwisho ilifanya kazi kubwa. Kulikuwa na vijiji ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya ofisini na sokoni, halafu ghafla ikawa ni lugha ya kuombea kura, ya kuchekesha na kutetea hoja. Tukihesabu nini kilikieneza Kiswahili Bara tunataja shule, jeshi na redio. Mimi ningeongeza jukwaa la Jembe na Nyumba.

Kanuni hazikuzuia kila kitu, bila shaka. Mchana watu walikaa meza moja, usiku wapambe walipita mlango kwa mlango. Huko ndiko ukabila uliopigwa marufuku jukwaani ulikokuwa unakunywa chai. Kampeni za chini kwa chini ndizo zilizowagombanisha ndugu, maana mchana wote walikuwa wana-TANU, na usiku kila mmoja alijua jirani yake amelala upande gani. Pasipo chama cha kupinga, upinzani ulikaa ndani ya ukoo. Sishangai kwamba ugomvi wa babu una umri huo.

Je, kura zenyewe zilikuwa za kweli? Katika ngazi ya jimbo, ndiyo, na uchaguzi wa kwanza ulithibitisha hilo kwa namna iliyowashtua wakubwa. Mwaka 1965 kulikuwa na majimbo 107 Bara, na katika 101 kulikuwa na wagombea wawili. Linganisha na yale 58 yaliyopita kimya mwaka 1960. Kura zilipohesabiwa, wabunge wengi waliokuwa kitini walikuwa chini, na miongoni mwao alikuwa Paul Bomani, Waziri wa Fedha.

Bomani hakuwa mtu wa kupita. Ndiye aliyewaongoza wakulima wa pamba wa kanda ya Ziwa kujenga vyama vya ushirika tangu siku za Mwingereza, na muungano wao ulikuwa miongoni mwa mikubwa kabisa Afrika. Kama kuna mtu aliyeonekana hawezi kuanguka Mwanza, ni yeye. Akaanguka. Wakulima walikuwa wamechoshwa na makato, na ushirika uliokuwa mali yao ulikuwa umeanza kuonekana mali ya makarani. Mwaka uliofuata serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchi nzima, ikakuta malalamiko tele. Wapiga kura wa Mwanza walikuwa wameshayapeleka kwenye sanduku mwaka mmoja kabla.

Upande mwingine wa matokeo hayo unapendeza kuusimulia. Morogoro walikuwa na Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi. Dar es Salaam kulikuwa na Derek Bryceson, mzungu. Miaka saba tu nyuma Tanganyika ilikuwa imepiga kura kwa ule utaratibu wa mkoloni wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na mzungu mmoja, kana kwamba bila kulazimishwa asingewachagua. Mwaka 1965 hakuna aliyelazimishwa. Jamal na Bryceson wakashinda vizuri. Na kiti cha Fedha alichokiacha Bomani akapewa Jamal.

Hapo ningetamani kunyamaza. Lakini Bomani hakurudi nyumbani. Katiba ilimpa Rais viti vya kuteua, Bomani akateuliwa mbunge na kurudi katika Baraza la Mawaziri, safari hii kwa mipango ya uchumi. Wananchi wa Mwanza walikuwa na uwezo wa kumwondoa mtu jimboni. Serikalini hawakuwa na uwezo huo.

Hilo ndilo tundu nililosema nitalifikia. Jembe na Nyumba walishindana kuhusu nani, hawakushindana kuhusu nini. Mgombea angeweza kusema atapigania zahanati, barabara, kisima, bei ya pamba. Hakuweza kusema sera ya chama ni mbovu. Waliojaribu kusema wakiwa ndani ya Bunge waliona matokeo yake: Oktoba 1968 wabunge kadhaa, akiwemo Joseph Kasella-Bantu, walifukuzwa TANU, na kwa kuwa katiba haikumjua mbunge asiye na chama, kufukuzwa chamani kulikuwa kufukuzwa bungeni. Wapiga kura wao hawakuulizwa. Zaidi ya hayo, wabunge wa majimbo walikaa na kundi kubwa la wasiochaguliwa na wananchi: wakuu wa mikoa walioingia kwa vyeo vyao, wateule wa Rais, na wawakilishi kutoka Zanzibar ambao mwaka 1965 waliteuliwa. Zanzibar haikuwa na jembe wala nyumba wakati huo.

Na urais haukuwa na alama mbili. Siku hiyo hiyo mwananchi alipewa karatasi ya pili yenye mgombea mmoja, achague Ndiyo au Hapana. Upande wa Ndiyo palikuwa na picha ya Mwalimu. Upande wa Hapana palikuwa na kivuli. Wazee wanasema kwa utani kwamba walipewa kuchagua kati ya Nyerere na giza. Mwaka 1965 Nyerere alipata zaidi ya asilimia 96. Karatasi mbili, meza moja, dakika moja: kwenye moja unaweza kumwangusha waziri, kwenye nyingine unaweza kupigia kura kivuli.

Kuna jambo dogo ambalo linanivutia zaidi kuliko takwimu hizi. Kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya sabini zilifanikiwa sana. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulionyesha wasiojua kusoma wameshuka hadi asilimia 39, na ilipofika 1986 walikuwa kama asilimia 10. Mtu wa 1985 aliweza kusoma jina la mgombea wake. Alama hazikuondolewa. Zilikuwa zimeacha kuwa msaada kwa asiyesoma, zikawa desturi, na watu walizipenda. Mgombea aliweza kuwa anaitwa "Jembe" mitaani mpaka jina lake lisahaulike.

Kabla sijafika mwisho, nikutahadharishe na jambo ambalo watu hulichanganya. Utasikia mtu anasema "enzi za chama kimoja watu walipanga mstari". Huo ni mlolongo, na ni wa Kenya. Mwanzoni mwa 1988 KANU iliwapanga wanachama wake katika uteuzi wa wagombea nyuma ya mgombea au wakala wake, mchana kweupe, chifu akitazama. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita, bila kura ya siri kufuata. Sehemu nyingine watu waliona kwa macho yao mstari mrefu ukitangazwa mfupi. Utaratibu huo ulizua hasira hadi makanisani, na Desemba 1990 KANU yenyewe ikautupa. Wa kwetu ulikuwa na kasoro zake, lakini kura ilikuwa ya siri. Mke aliweza kuchagua nyumba na mume jembe, wakarudi wote kula ugali.

Umeuliza kwa nini uliachwa. Haukufa kwa sababu watu waliuchoka. Ulikuwa umeshikamana na chama kimoja kama kupe na ng'ombe, na ng'ombe alipochinjwa kupe hakuwa na pa kukaa. Mwaka 1991, baada ya Ulaya ya Mashariki kugeuka na mjadala kuwaka hapa nchini, huku Nyerere mwenyewe akisema jambo hilo lizungumzwe, Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Safari hii tume iliulizwa lile swali ambalo ya Kawawa haikuruhusiwa kuuliza. Katika watu iliowasikiliza, kama asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, ikiwasikiliza wale asilimia 20 na pia wale wa 80 waliosema mfumo urekebishwe. Julai 1992 sheria ya vyama vingi ikaanza kazi. Chama kikiwa na wenzake hakiwezi tena kusimamisha watu wawili kwenye jimbo moja, kitagawa kura zake na kushindwa. Mahali pa picha mbili pakawa na nembo za vyama.

Kilichobaki ni nusu ya kwanza ya utaratibu: kura za maoni ndani ya chama, kisha vikao vya juu kupitisha jina. Zamani vikao vilipitisha mawili na wananchi wote, hata wasio na kadi, wakamalizia. Sasa vinapitisha moja, na katika jimbo ambako chama fulani kina nguvu, kazi imekwisha hapo. Wapo wanaosema kwa hiyo tulikuwa na uchaguzi zaidi zamani. Sikubaliani nao. Mtu asiyeweza kusema sera ni mbaya hajapewa uchaguzi kamili, hata umpe wagombea ishirini. Lakini lile jukwaa la meza moja, bila fedha za mgombea, bila fulana wala khanga za kugawa, hilo nalililia.

Mwaka 1995 nilimsindikiza mama yangu kituoni. Tangu nikiwa mdogo alikuwa mtu wa nyumba, awe nani awe nani. Nilipomuuliza sababu, aliniambia jembe amelishika toka asubuhi, na hana haja ya kulipigia kura pia. Siku hiyo alitoka chumba cha kura akiwa amekunja uso. Karatasi imejaa makorokoro, akasema, jembe ameliona, limefungwa na nyundo, lakini nyumba ameitafuta na hakuiona.

Kwa hiyo, mwanangu, babu yako alikuwa shabiki wa mtu, na mtu huyo alipewa picha ya jembe, na mdogo wake alikuwa na mtu wake. Ukirudi kwake, muulize jina la huyo mgombea. Naweka dau la kilo mbili za sukari kwamba atakueleza kwanza jembe lilivyoshinda, na jina atalitafuta.